Kushuka ndiko kunakoumiza misuli

Wanaokwea Kilimanjaro huogopa kupanda, kumbe kinachowamaliza mapaja ni mteremko. Kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka, mita 1,640 hivi, msuli wa mbele ya paja hukaza ili mwili usiporomoke, na papo hapo unavutwa urefuke. Mkazo wa aina hiyo huchana nyuzi za ndani kuliko ule wa kupanda. Maumivu huanza kesho yake, yakakolea siku ya pili au ya tatu. Wengi huilaumu asidi laktiki, ilhali hiyo huondoka misulini saa chache tu baada ya zoezi.

Kinachonivutia mimi ni kiini cha seli, zilimo jeni. Kwa sindano tunachukua kinyama kidogo cha paja, kisha tunapima jeni zipi zimeamka. Za kwanza ni IL-6 na CCL2, zinazoita chembe nyeupe za damu: nyutrofili hutangulia, makrofeji hufuata kusafisha mabaki. Jeni za protini zinazozuia protini nyingine zisiharibike nazo hupanda. Kisha protini za MyoD na miyojenini huongoza seli setilaiti, yaani seli za akiba za msuli, zile alizozieleza mwanasayansi Alexander Mauro mwaka 1961, zizaliane na kuungana na nyuzi zilizoumia. Hapo ndipo msuli unapojengwa upya.

Homoni za jinsia huingilia kazi hii moja kwa moja. Testosteroni, homoni ya kiume, hushikana na kipokezi chake, yaani protini inayoipokea ndani ya seli, vikaenda pamoja kukaa juu ya DNA na kubadili kasi ya jeni kusomwa. Estradioli, aina ya homoni ya kike iitwayo estrojeni, ina vipokezi vyake humo humo misulini. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, watafiti waliwapa wanaume estradioli kabla ya zoezi la kuumiza misuli. Nyutrofili zilizoingia msulini zikawa chache kuliko kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na homoni. Naupenda sana utafiti huu, kwa sababu unaitenga homoni na tofauti nyingine zote za mwanamume na mwanamke. Panya walioondolewa ovari nao, wakikimbizwa mteremkoni, huamsha seli setilaiti nyingi zaidi wakirudishiwa estrojeni.

Hii haina maana kwamba mwanamke haumii; kuhusu maumivu yenyewe, matokeo kwa binadamu yanapingana. Ila kwa mama aliyekoma hedhi, ambaye estrojeni yake imeshuka, nasisitiza mazoezi ya mteremko yaanze taratibu. Zoezi lile lile likirudiwa wiki moja au mbili baadaye, uharibifu hupungua sana, hata kama la kwanza lilikuwa jepesi.