Kufunga choo: acheni kukimbilia haluli (dawa ya kusukuma choo)

Nitajuaje kwamba nimefunga choo?
Unapata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au kinatoka kigumu na kikavu kama cha mbuzi, au unajikamua sana na bado unahisi hakijaisha. Anayepata choo laini leo, akakosa kesho, akapata keshokutwa, hana tatizo.

Kufunga choo kunasababishwa na nini?
Mara nyingi ni maji kidogo, chakula kisicho na nyuzinyuzi na kukaa kutwa nzima. Kisha kuna kubana haja, tabia inayonisikitisha kwa sababu ni ya kujitakia. Choo kikicheleweshwa, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji, kesho yake kinakuchana. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za maumivu za kodeini na morfini pia hufunga choo; usiviache kimyakimya, mwambie aliyekuandikia.

Mwanangu anachafua nguo kwa choo chepesi. Anaharisha?
Si lazima. Choo kigumu kikijazana, cha majimaji hupenya pembeni yake. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unazidi kumfunga. Mlete hospitali apimwe.

Tumbo limejaa, linauma, natapika, hata hewa haitoki. Ninywe haluli?
Hapana. Huenda utumbo umeziba. Haluli huulazimisha kusukuma mahali pasipopitika, na unaweza kutoboka. Usile, usinywe, nenda hospitali sasa hivi.

Hata kijiko kimoja, nione kwanza?
Hata kijiko kimoja. Wala usijipige bomba la sabuni (kujiingizia maji ya sabuni njia ya haja kubwa) nyumbani. Wagonjwa wengi huja wameshajaribu dawa ya jirani, kisha ya dukani, kisha wakalala wakisubiri asubuhi. Utumbo ulioziba hausubiri asubuhi. Sehemu yake ikikosa damu inaoza, nayo itabidi ikatwe.

Naona damu kwenye choo. Si bawasiri tu?
Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa saratani ya utumbo. Kwa macho huwezi kujua. Usiahirishe, hasa kama unakonda au choo kimebadilika ghafla ukiwa mtu mzima.

Na kama haluli nimeshainywa, na tumbo ndiyo limejaa hivyo?
Njoo hivyo hivyo, usiku huu. Usione aibu, usitufiche. Beba pakiti au chupa yake, tuambie umekunywa kiasi gani na saa ngapi.