Kikohozi kimekata, bakteria bado wapo: maswali na majibu kuhusu jeni za sumu na kizuiasumu

Karibu kila wiki napokea mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa kwa sababu alijisikia mzima. Anarudi amekonda, anakohoa, na mkononi ana pakiti ambayo nusu ya vidonge haijaguswa. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako uliyeanza kujiuliza kama dozi yote hiyo ina lazima.

Jeni za sumu na kizuiasumu ni nini?

Ni jeni mbili zinazokaa pamoja ndani ya bakteria. Moja hutengeneza sumu, nyingine hutengeneza cha kuizima. Sumu hudumu, lakini kizuiasumu huvunjika upesi, kwa hiyo bakteria lazima akitengeneze muda wote. Akibanwa na njaa, uhaba wa oksijeni au dawa, kizuiasumu huisha kwanza na sumu hubaki huru.

Bakteria ana faida gani kujitilia sumu mwenyewe?

Mara nyingi haimuui, humsimamisha. Nyingi kati ya sumu hizi hukatakata RNA ambayo seli huitumia kutengeneza protini. Protini zikikosekana, bakteria hakui wala hagawanyiki. Amelala.

Hapo ndipo tatizo lako linapoanza. Antibiotiki nyingi humuua bakteria aliye kazini, yule anayejenga ukuta wake au anayenakili vinasaba vyake. Aliyelala hana kazi ya kuvurugwa. Dawa inapita, yeye yupo, kama kaa la moto lililofukiwa na majivu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1944 mtafiti Joseph Bigger aliona kwamba penisilini iliua karibu bakteria wote aliokuwa akiwachunguza, ila wachache sana walibaki. Alipowaotesha waliobaki, kizazi chao kiliuawa na penisilini ileile. Hawakuwa sugu, walikuwa wamesubiri tu.

Sumu hiyo ndiyo inayoniumiza?

Hapana. Sumu ya pepopunda au ya kipindupindu hutolewa na bakteria ikamdhuru mgonjwa. Hii hubaki ndani ya bakteria mwenyewe. Kwa hiyo tafadhali, usiache vidonge ukaanza kunywa vitu vya "kusafisha sumu mwilini". Havimfikii bakteria aliyelala, na wakati unavinywa ugonjwa unaendelea kula mapafu yako.

Kwa nini unaisema sana TB?

Kwa sababu bakteria wa TB ana zaidi ya jozi 80 za jeni hizi, huku baadhi ya ndugu zake wasioleta ugonjwa wakiwa na chache tu. Pia ni mzito kwa asili: hugawanyika mara moja kwa takribani saa 20, wakati E. koli, bakteria wa utumbo, akipata mazingira mazuri huhitaji dakika 20. Jozi hizi si njia yake pekee ya kulala. Hata kwa E. koli, watafiti walipofuta jozi 10, bakteria wanaolala bado walipatikana. Kwa mgonjwa hilo halibadilishi kitu: walalao wapo, na dozi ndefu imepangwa kwa ajili yao.

Nimemeza dawa mwezi mmoja, kikohozi kimekata na jasho la usiku limekwisha. Naweza kuacha?

Hapana. Waliokufa mwanzoni ni wale waliokuwa macho, na hao ndio waliokuwa wakikukohoza. Nafuu yako inatuambia habari zao tu. Waliolala hawakukohozi wala hawakupi homa, kwa hiyo huwezi kuwahisi.

Hata kama uzito umerudi na makohozi yamepimwa hayana vimelea?

Hata hivyo, hapana. Kipimo cha makohozi kwa darubini huona bakteria wakiwa wengi. Wachache waliojificha ndani ya pafu hawaonekani hapo. Kwa TB ya kawaida isiyo sugu, mpango uliozoeleka ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Kama daktari amekupangia mpango mwingine, fuata huo mpaka mwisho wake.

Dawa hizi hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika majaribio yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1970, waliotumia streptomisini na isoniazidi peke yake kwa miezi 6, zaidi ya robo yao walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa wachache mno. Rifampisini na pirazinamidi ndizo zinazowafikia vizuri wale wazito na waliolala, ila zinahitaji muda. Ukizikatiza, umewaachia uhai.

Mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Niache?

Hapana, hiyo ni rangi ya rifampisini tu. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukitapika mfululizo, au ukiona ukungu machoni, njoo kituoni siku hiyohiyo. Hapo sisi ndio tutakaoamua dawa ipi isimamishwe.

Kulala na usugu ni kitu kimoja?

Si kimoja, ila kimoja hufungua njia ya kingine. Aliyelala akiamka baada ya wewe kuacha dawa, huzaliana upya, na katika kuzaliana hutokea mabadiliko ya jeni. Ukimeza leo ukaruka kesho, wenye mabadiliko yanayowalinda ndio wanaostawi. TB sugu inatibiwa, lakini kwa dawa nzito zaidi, na watu wa nyumbani huambukizwa hiyohiyo sugu.

Kwa bakteria wengine, kama wa tumboni na wa njia ya mkojo, jozi hizi hukaa pia kwenye plasmidi, vipande vya vinasaba ambavyo mara nyingi hubeba usugu. Jozi ya kwanza kujulikana ilielezwa hivyo mwaka 1983. Bakteria mchanga akizaliwa bila plasmidi, hukosa kizuiasumu na sumu aliyorithi humuua au kumzuia kukua. Ndivyo usugu unavyong'ang'ania hata baada ya antibiotiki kuondoka. Basi acheni kumeza antibiotiki zilizobaki za jirani kwa mafua! Mafua ni virusi.

Nakohoa wiki ya tatu sasa, nisubiri kwanza?

Usisubiri. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kupimwa makohozi. Kama unakohoa damu, unakonda au unaishi na VVU, hata hizo wiki 2 usizingoje.

Nimeshaacha dawa kwa wiki kadhaa. Nifanye nini?

Rudi leo. Usianze tena mwenyewe na vidonge vilivyobaki, na usidanganye kwamba ulimeza vyote. Utatoa makohozi, na kipimo cha GeneXpert huonyesha kwa saa 2 hivi kama kuna bakteria na kama rifampisini bado inawaweza. Njoo na kadi yako ya matibabu na pakiti kama ilivyo, ili tuvihesabu vidonge pamoja na kujua dozi ilikatika lini. Hakuna atakayekufukuza.