Hati za Mahakama: Namba ya Aya Ina Kazi Yake

Mahakama ya Mwanzo hupokea madai hata kwa mdomo. Deni likizidi uwezo wa mahakama hiyo, unakwenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na huko karatasi ndiyo inayotangulia kusema. Wengi tunaowahudumia katika msaada wa kisheria hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi visiwa vya Ukerewe, wana madai mazito, ila hati zao zimeandikwa kama barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya VI, inataka hati ya madai ieleze kwa ufupi mambo ya msingi yanayojenga madai, si ushahidi wa kuyathibitisha. Aya zipewe namba mfululizo. Tarehe, fedha na idadi viandikwe kwa tarakimu.

Chukulia muuza boti wa Mwaloni, Kirumba, ameandika: "Nilimwamini mdaiwa kama ndugu nikampa boti na injini zake, lakini kwa roho mbaya kanizungusha hadi watoto wamekosa ada, na watu wote wa mwaloni ni mashahidi." Uchungu wake ni wa kweli. Lakini deni ni kiasi gani? Lilitakiwa kulipwa lini? Tuigawe kauli yake katika aya zenye namba:

4. Kwamba, tarehe 12/3/2024, katika mwalo wa Kirumba, mdai alimuuzia mdaiwa boti 1 na injini 2 kwa Sh. 64,000,000/=.

5. Kwamba, siku hiyo mdaiwa alilipa Sh. 20,000,000/= na kuahidi kumaliza salio ifikapo tarehe 30/6/2024.

6. Kwamba, hadi shauri hili linafunguliwa, mdaiwa hajalipa salio la Sh. 44,000,000/=.

Sasa mdaiwa itabidi ajibu aya kwa aya: anakubali au anakana. Akikubali ya 4 na ya 5, mgogoro unabaki kwenye ya 6 tu, na idadi ya mashahidi inapungua. Ndiyo maana nasisitiza: aya moja, jambo moja.

Namba hizo ndizo zinazobeba uhakiki mwishoni mwa hati. Mdai anataja kwa namba aya zipi anazifahamu mwenyewe na zipi ameelezwa na anaamini ni kweli, kisha anasaini, akiandika tarehe na mahali. Aya zikichanganya vyote, uhakiki wake hauwezi kukaa sawa.

Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni ya kweli, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kiapo ni ushahidi. Tangu uamuzi wa shauri la Matovu uliotolewa na mahakama ya Uganda mwaka 1966, ambao mahakama zetu zinaufuata, kiapo hakitakiwi kuwa na maombi, hoja za kisheria wala hitimisho. Andika ulichokiona, ulichofanya, au ulichoambiwa na nani. Mbele ya kamishna wa viapo hakikisha mahali na tarehe ya kuapa vimejazwa, na jina la kamishna linasomeka. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, wakili wa upande wa pili ataleta pingamizi la awali, yaani kupinga hati yako kabla shauri halijasikilizwa.

Wapo wanaosema Katiba, ibara ya 107A(2)(e), imeshamaliza habari hizi, maana inaelekeza haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ni kweli, na mahakama mara nyingi huruhusu marekebisho. Lakini mtu aliyetoka Nansio, Ukerewe, kwa kivuko anarudishwa nyumbani kuandika upya, kisha nauli nyingine, siku nyingine.

Kuhusu lugha, Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwanzoni mwa mwaka huo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Mahakama Kuu Musoma, aliteuliwa kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili. Usilazimishe Kiingereza usichokimudu. Kiswahili chepesi, chenye sentensi fupi, kinatosha.

Mahakama ikiagiza hoja za maandishi, hapo ndipo mahali pa sheria na maamuzi ya awali: taja majina ya wadaawa (pande zilizoshtakiana), namba ya shauri, mahakama na mwaka, ili hakimu aupate uamuzi huo bila kuhangaika. Usiingize ushahidi mpya humo, hautapokelewa. Na tarehe uliyopangiwa iandike mahali utakapoiona kila siku, kwa sababu kutowasilisha hoja kwa wakati kunahesabiwa sawa na kutofika mahakamani siku ya kusikilizwa.