Njaa ya kaskazini inaanzia kwa bei ya mbuzi

Watu wengi wakisikia kuna njaa Marsabit ama Turkana, kaunti za kaskazini mwa Kenya, wanadhani ati hakuna chakula kabisa, lakini hata mwaka ukiwa mbaya utapata unga kwa maduka ya North Horr, mji mdogo ndani ya Marsabit, kinachokosekana ni pesa ya kuununua. Mimi kazi yangu ni lishe na usalama wa chakula, na nikiulizwa njaa inatoka wapi huwa naanza na mbuzi.

Mfugaji hachinji mbuzi kila siku, anamuuza anunue mahindi. Sasa mvua ikikosa, nyasi zinaisha, mbuzi anakonda, na kwa vile kila boma limepeleka mifugo sokoni wakati mmoja bei inaanguka, huku mahindi nayo yanapanda manake lori linatoka mbali. Mbuzi aliyekuwa analisha familia mwezi mzima sasa anatoa unga wa wiki moja. Ndiyo maana tunawaambia wafugaji uza mapema, uza akiwa bado na mafuta, na najua ni neno gumu kwa sababu mifugo ndio benki, ndio mahari, ndio heshima ya mtu.

Halafu kuna umbali. Marsabit pekee unaweza kuitia Rwanda mara mbili na nafasi ibaki! Lami ya Isiolo mpaka Moyale imesaidia sana, kabeji kutoka Meru inafika Marsabit mjini ikiwa bado mbichi, lakini ukiacha lami ukielekea North Horr kuna jangwa la Chalbi, na Chalbi ikinyeshewa ni tope tupu, lori linakwama siku kadhaa na mzigo wake. Yaani ile mvua tuliyoiombea ndiyo inafunga njia ya chakula.

Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Dalili zilikuwa wazi, kwa sababu NDMA, ile mamlaka ya kudhibiti ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, ina bei ya mbuzi, hali ya malisho, umbali wa kwenda majini, kila kitu. Shida ninayoiona mimi ni kwamba taarifa inasomwa na watu wa ofisi, mzee wa malisho ana habari zake, mfanyabiashara wa lori ana zake, mama ana zake, na hawa wote wanakutana siku msaada unagawanywa, wakati huo ushachelewa.

Kufanya kazi bila kukaa chini na wenyeji tulishaona matokeo yake. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norway ilisaidia kujenga kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi muda mfupi tu kikafungwa, kwa sababu kugandisha samaki kwenye joto lile na kupata maji safi vilikuwa ghali mno. Na wavuvi wenyewe wanakausha kwa jua na chumvi tangu zamani, samaki wa hivyo anasafiri mpaka Congo.

Linganisha na Isiolo. Waborana wana dedha, baraza la wazee wanaoamua ng'ombe walishe wapi wakati wa mvua na sehemu gani iachwe mpaka kiangazi, ukivunja unatozwa faini. Serikali na mashirika walipoanza kupanga visima pamoja na hao wazee, walijua kabla ya kuchimba kisima gani kitaharibu malisho ya akiba. Hapohapo Isiolo kuna akina mama wa maziwa ya ngamia, wanakusanya alfajiri kwa vibuyu vilivyofukizwa moshi, wanapima, wanaunganisha kwa mitungi, inapakiwa basi na kunywewa Eastleigh, Nairobi. Ni pesa inayoingia hata mwezi ambao mbuzi hana bei.

Kitu kimoja cha nyumbani, tafadhali. Kuna ule utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto kuona kama ana utapiamlo, wa miezi 6 mpaka miaka 5, na mama yeyote akifundishwa anaweza kuutumia bila kungoja daktari. Unauzungusha katikati ya mkono wa juu, mkono ukiwa umelegea, usikaze. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, yuko sawa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto apelekwe kliniki wiki hiyohiyo. Chini ya 11.5 ni nyekundu, aende leo. Na miguu ikiwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole gumba inabaki shimo, usiangalie rangi, mpeleke leo pia. Kama hauna utepe mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu akuonyeshe, na akishakuonyesha, pima pia mtoto wa jirani.