"Nimeshazoea": dhana potofu kuhusu salfa, mafuta ya ganda na kelele za mashine kwenye korosho

Kule Mtwara, muulize mpulizaji wa salfa (unga wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) wa Tandahimba au mama anayebangua korosho Newala kama kazi inamdhuru, jibu la kwanza litakuwa "nimeshazoea". Makosa mengi yaliyomo humu yamezaliwa na neno hilo moja. Yapo mambo ambayo mwili huyazoea kweli. Mengine hauyazoei kamwe, na kinachoitwa kuzoea ni kiungo kilichoumia mpaka kikanyamaza.

Dhana: Salfa si sumu, hata kilimo hai wanaitumia

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana haifi. Salfa ikimezwa kidogo haina sumu kali kama viuatilifu vingi vya wadudu, na kilimo hai kinairuhusu. Tatizo ni kwamba mpulizaji haimezi. Anaipata machoni, kifuani na kwenye ngozi yenye jasho, na huko vumbi la salfa hukereketa: macho huwaka na kutoa machozi, koo hukauka, kifua hubana, shingo na makwapa hutoka vipele. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya kwa vumbi ambalo mwenzake atalipigia chafya tu.

Salfa inayoungua ni habari nyingine kabisa. Hutoa gesi ya salfa dayoksaidi inayofunga njia za hewa, na ndani ya chumba kilichofungwa gesi hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mifuko ya kilo 25 haikai jikoni wala chumba cha kulala, na haipangwi karibu na moto. Ujazaji wa mashine ya kupulizia nao una hatari yake, kwa sababu vumbi la salfa likitanda hewani hushika moto kwa joto la nyuzi 190 hivi. Zima injini, subiri bomba la moshi lipoe, ndipo ujaze. Sigara ibaki nyumbani.

Dhana: Ukipuliza nyingi, ubwiriunga hautarudi

Kiwango cha kawaida kwa mkorosho mkubwa ni robo kilo kwa mzunguko, kila baada ya siku 14. Mfuko mmoja wa kilo 25 basi unatosha miti 100. Ukiona umeishia mti wa sitini, ujue mashine imefunguliwa mno, na salfa iliyozidi haikubaki kwenye maua. Imeanguka chini au imeingia kwenu wawili, wewe na anayekubebea mfuko.

Saa ya kupuliza ni alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Wengi wanajua kwamba umande hushikisha salfa kwenye ua. Wachache wanafikiria kwamba salfa iliyoshikwa na ua hairudi usoni. Kusi likianza kuvuma, acha, hata kama imebaki mistari miwili. Na wakati wote puliza upepo ukiwa mgongoni, na usitembee kuingia kwenye wingu lako mwenyewe.

Dhana: Kitambaa kinatosha kuziba pua

Leso au kipande cha kanga huzuia chembe kubwa unazoziona. Zile ndogo zinazofika ndani ya mapafu hupita kwenye nyuzi, na nyingine huzunguka pembeni ambako kitambaa hakigusi shavu. Kikishalowa jasho, hewa hukiepuka na kupita pembeni zaidi. Barakoa nyepesi ya hospitali ina kasoro hiyohiyo ya kuachia mashavuni.

Kwa salfa ya unga tumia barakoa ya aina ya N95 au FFP2, yenye mikanda miwili na waya wa kubana pua. Mkanda mmoja ukae utosini, mwingine chini ya masikio. Waya ubanwe kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha pumua kwa nguvu: ukihisi hewa inatokea karibu na macho, haijakaa. Ndevu huvunja mziba huo. Barakoa ikianza kuwa nzito kupumulia, imejaa; itupe, usiikung'ute na kuirudisha.

Hata hivyo, N95 haizuii mvuke. Dawa za maji, zikiwemo za kuua mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi ya mti), zinahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa kilichoandikwa kuwa ni cha mvuke. Kwa dawa hizo, tena, pua siyo mlango mkubwa. Sehemu kubwa huingia kupitia ngozi, hasa mikono wakati wa kuchanganya dawa ambayo bado haijaongezwa maji, na mapajani bomba la mgongoni likivuja. Ngozi ya sehemu za siri hunyonya haraka kuliko kiganja. Kabla ya kutia dawa, jaza bomba maji matupu, libebe, lipige. Likivuja maji litavuja na dawa.

Miwani ya jua haizibi pembeni, kwa hiyo haifai kwa salfa wala kwa dawa za maji. Tafuta ile inayogusa uso pande zote. Suruali ivaliwe juu ya buti, isichomekwe ndani.

Dhana: Glasi ya maziwa huondoa salfa kifuani

Maziwa hushuka kwenye umio na kuingia tumboni. Salfa ilishuka kwenye koromeo la hewa. Hivi viwili havikutani. Maziwa ni chakula kizuri, anywe anayeyataka, ila asiyahesabu kama kinga.

Kwa viuatilifu vya maji maziwa yanaweza hata kudhuru, kwa kuwa baadhi ya sumu huyeyuka kwenye mafuta na kunyonywa upesi zaidi. Aliyemeza dawa asitapishwe kwa nguvu: nyingi zimechanganywa na vimiminika vya jamii ya petroli, na vikiingia mapafuni wakati wa kutapika huleta nimonia mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, mpeleke kituo cha afya, na beba chupa yenye lebo. Mganga anahitaji jina la kiambata, yaani kemikali yenyewe, kilichoandikwa pale. "Dawa ya korosho" haimwambii kitu.

Macho nayo yana tiba zake za mtaani, maziwa ya mama na maji ya limao. Yote mawili yaachwe. Ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa. Kule juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kutafuta, hili linataka mpango: dumu la lita 20 la maji na kipande cha sabuni vifike shambani kabla ya mfuko wa salfa.

Dhana: Mkono wa mbanguaji ukishakuwa mweusi hauungui tena

Ganda la korosho lina tabaka kama sega la nyuki lililojaa mafuta yenye asidi ya anakadi na kadoli, kemikali zinazochoma ngozi na pia kuleta mzio. Weusi na ugumu wa vidole ni ngozi iliyoungua juu ya iliyoungua. Haisaidii kope, shingo wala titi la mama anayenyonyesha, na mkono uleule hufika kote huko. Mzio huchelewa: vipele na malengelenge yanaweza kutokea siku moja hadi tatu baada ya kugusa, ndiyo maana watu husingizia sabuni mpya au chakula. Mtu anaweza kubangua misimu kadhaa salama, kisha mwili ukaanza kukataa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kunawa kwa mafuta ya taa au petroli. Weusi unatoka kweli, lakini mafuta ya asili ya ngozi yanatoka nao, na kesho yake mafuta ya ganda yanazama zaidi. Fanya hivi: kabla ya kazi paka mikono mafuta ya nyonyo au ya nazi, rudia kila yanapokauka. Glavu zikipatikana, vaa, na ukiona zimelainika au zinanata badilisha. Ukimaliza, futa kwanza kwa kitambaa kikavu au majivu makavu, kisha paka mafuta ya kupikia, futa tena, ndipo sabuni na maji. Majivu yakilowa huchubua, yasiachwe mkononi.

Moshi wa kuchoma korosho kwenye bati hubeba mafuta yaleyale. Uchomee nje, mbali na dirisha, watoto wakiwa upande unakotoka upepo. Na maganda si kuni za jikoni.

Dhana: Sikio limezoea mashine

Mashine ya injini ya mgongoni huweza kufika desibeli 100 kwa aliyeibeba. Kikomo cha usalama kinachotumika sana ni saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikipanda 3 muda hukatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 robo saa. Asubuhi moja ya kupuliza inalipita hilo mara nyingi. Sikio "lililozoea" limepoteza sauti za juu, na hazirudi. Vizibo vya sponji vinauzwa kwa bei ndogo: vivingirishe, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka vitanuke.

Dhana: Salfa inaleta kifua kikuu

Hapana, kifua kikuu huletwa na bakteria. Hatari iko kwa anayekohoa na kuilaumu salfa mpaka msimu uishe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe. Vituo vya serikali hupima na kutibu kifua kikuu bila malipo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Ruangwa wana habari tofauti: vumbi la mawe yenye silika huumiza mapafu na kumrahisishia bakteria huyo kazi.

Dhana: Mtu wa pwani hasumbuliwi na jua

Hapa ndipo "nimeshazoea" inapokuwa kweli, kwa masharti. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14 za kazi iliyoongezwa polepole, na hulisahau ukikaa wiki chache bila kazi hiyo. Mzaliwa wa Kilwa anayerudi mashamba ya chumvi baada ya miezi ya mapumziko anaanza upya kama mgeni. Siku ya kwanza afanye kama moja ya tano tu ya kazi yake, na anywe glasi ya maji kila dakika 20 bila kungoja kiu. Mtu akianza kupayuka au kupepesuka huku ngozi inawaka moto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari liitwe wakati huohuo.