Stratosfia haijatulia tuli
Wengi huamini kwamba juu ya mawingu, kwenye tabaka la angahewa liitwalo stratosfia, hewa imetulia tuli. Si kweli, hasa majira ya baridi. Safu za milima na tofauti ya joto kati ya bara na bahari huzusha mawimbi ya hewa yenye urefu wa maelfu ya kilomita, nayo hupanda huko juu pepo zinapovuma kutoka magharibi. Yakivunjika, huzipunguza kasi pepo zinazoizunguka ncha ya dunia, hata kuzigeuza. Hewa hushuka, hubanwa, na joto la huko juu huweza kuongezeka kwa nyuzi 50 ndani ya siku chache! Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Richard Scherhag, aliligundua hilo Berlin mwaka 1952. Majira ya joto pepo hugeuka na kuvuma kutoka mashariki, na njia ya mawimbi kupanda hufungwa. Na Septemba 2002, mwanzo wa machipuko ya kusini, mawimbi hayo yalilipasua vipande viwili tundu la ozoni la Antaktika, yaani eneo ambalo gesi ya ozoni hupungua sana.