Kwa nini mtoto wa malezi ya kambo huficha chakula chini ya mto?

Je, wajua kwamba mtoto aliyepelekwa kwa mlezi wa kambo anaweza kula mezani akashiba, kisha usiku akaficha chakula chini ya mto? Huo si wizi wala ulafi. Aliyezoea kulala njaa hujifunza kujiwekea akiba, na somo hilo halifutiki kwa kuhamia nyumba yenye chakula tele.

Mlezi wa kambo humtunza kwa muda mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kumlea kwa sasa. Hiyo ni tofauti na kuasili, ambako mtoto huwa wako kisheria. Wengi hudhani sifa ya kwanza ya mlezi huyo ni upendo mwingi. Mimi naitanguliza subira isiyodai shukrani. Mtoto aliyeumizwa na watu wazima atakupima: atatukana, atavunja vitu, atakataa kukumbatiwa, ili ajue mapema kama nawe utamrudisha. Mlezi anayefaa hujiuliza mtoto huyu amepitia nini kabla ya kumwita mkaidi. Kwa chakula kile chini ya mto, hamgombezi mtoto. Humwekea kikapu chake cha vitafunio, anachoruhusiwa kufungua saa yoyote, na huhakikisha hakikauki. Akiahidi jambo hulitimiza, hata dogo, kwa sababu mtoto huyu ameshavunjiwa ahadi za kutosha.

Je, malezi ya namna hii yanazaa matunda? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti mjini Bucharest, Romania, waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea watoto. Nusu yao walichaguliwa kwa kura kwenda kwa walezi wa kambo, na walezi hao wakahimizwa kujifunga na watoto kama wa kuwazaa. Watoto hao walikua vizuri zaidi kiakili kuliko wenzao waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2.

Lakini kujifunga hivyo kwa mtoto anayeweza kurudi kwao kesho ni kazi ngumu, na hapo ndipo wengi huelemewa. Mlezi mwema hawasemi vibaya wazazi wa mtoto, hata akiwa na sababu, maana mtoto husikia kwamba naye ametukanwa. Akizidiwa huomba msaada mapema kwa ofisa ustawi wa jamii. Na siku ya kuagana hufungasha, pamoja na nguo, picha walizopiga na michoro ya mtoto, ili miezi ile isipotee katika kumbukumbu zake.